Shamba Lisilokunywa Maji

Yule mtoto wa kaka anayetaka kuacha kazi mjini akalime alinitumia picha jana usiku. Karatasi ya maabara: pH 5.6, naitrojeni ndogo, fosforasi ya wastani. Chini yake kaandika, "Shangazi, udongo huu mzuri? Ninunue?" Nikabaki na simu mkononi, namfikiria Bibi na jembe lake, kule Kwimba, kiangazi cha 1998.

Baba alikuwa na fedha za pamba na mwenye shamba alikuwa na haraka. Mnajua haraka ya muuzaji. Eneo lenyewe lilikuwa chini ya luseni yetu, ule mchanga unaoanzia kwenye mawe ya mlimani, tulikozoea kupanda karanga, viazi na mtama, lakini halijafika mbugani kwenye udongo mweusi. Hapo katikati Wasukuma wanapaita itogolo. Baba alilijua hilo vizuri, ila bei ilishamwingia. Bibi akasema fedha zisitoke mpaka yeye afike. Akachukua jembe, mimi nikabebeshwa kibuyu cha maji nikidhani ni ya kunywa.

Tulipofika tukakuta shamba limefyekwa na kuchomwa moto, jeusi lote, safi kuliko uwanja wa shule. Baba akafurahi kuona jinsi mwenyewe alivyo mchapakazi. Bibi alisimama pembeni, mikono kiunoni.

"Ameua mashahidi," akasema.

Mashahidi aliowataka ni magugu. Kwake yeye shamba halina maneno mengi: likiwa na rutuba linaota mnavu, mchicha pori na kishona nguo kilichonenepa, likichoka linaota kiduha. Kiduha na maua yake mazuri yale hunyonya mizizi ya mtama na mahindi, na mbegu zake ni vumbi linalokaa ardhini miaka na miaka likikusubiri upande tena. Moto ulikuwa umekula vyote. Bibi akaenda zake kwenye ua wa minyaa, mahali ambapo moto haukufika, akainama, akachambua nyasi kavu, akatoka na vijiti viwili vitatu vya kiduha kilichokauka. Hakusema kitu. Alimkabidhi Baba tu.

Kulikuwa na binti anachunga mbuzi jirani. Wakasalimiana, mwangaluka mayu, mwangaluka, habari za mbuzi, habari za nyumbani, ndipo Bibi akamuuliza mgagani huwa anachuma wapi mvua zikianza. Mtoto akanyoosha kidole ng'ambo ya njia, kwenye boma la zamani la ng'ombe. Na humu? Akacheka. Humu hapana. Muuzaji angeweza kutueleza habari za rutuba mpaka jua lizame, lakini mtoto anayetafuta mboga hana sababu ya kudanganya.

Kisha likaja jambo la kibuyu. Bibi alichimba mwenyewe, hataki kusaidiwa. Juu udongo ulikuwa wa kijivu, wa kichangachanga; akauchota, akautemea mate, akaukanda kwa kidole gumba, akaunusa. Akaendelea kuchimba. Kama shubiri moja na kidogo, jembe likagonga kitu kigumu, likamrudia. Akapiga tena. Ule mlio naukumbuka mpaka leo, na muuzaji alivyojikuna shingo aliposikia. Bibi akaniita kwa mkono, nikapiga magoti, akamimina maji yote shimoni. Tukakaa kuyatazama, watu wazima watatu na mtoto mmoja mwenye kiu. Povu likapasuka. Majani makavu mawili yakaelea yakizunguka taratibu. Muuzaji akaanza kuuliza habari za mvua za kwetu, El Niño ilitufanyaje, hakuna aliyemjibu. Maji hayakushuka. Kivuli cha Bibi kilikuwa kimesogea kikafunika shimo, na maji yapo palepale, yametulia, mtu angeweza kujitazama ndani yake.

"Halinywi," Bibi akasema, akajipangusa magoti. "Mtama utaoza miguu."

Baba hakununua. Alinuna wiki nzima, lakini hakununua.

Aliyenunua ni jirani mmoja aliyehamia kutoka upande wa Magu. Hakupanda mtama wala mahindi. Alikata majaluba, akainua kingo, akasubiri mvua, na kwa kuwa ardhi ile hainywi, maji yakakaa na mpunga ukakubali. Gunia baada ya gunia likapita mbele ya mlango wetu kwa mkokoteni. Baba alihesabu yote, akaenda kumweleza Bibi kwa adabu yenye miiba. Bibi alikuwa anakatakata viazi vya michembe, hakuacha.

"Mliniuliza habari za mtama," akasema.

Na kweli nikikumbuka, hakuna aliyetaja mpunga siku ile. Hakuna aliyemuuliza habari za mtama pia.

Kesi hiyo haijaisha kwetu. Inafunguliwa kila harusi na kila matanga. Baba hushikilia kwamba mama yake, Mungu amrehemu, alitukosesha utajiri kwa kibuyu kimoja cha maji. Baba mdogo humkumbusha 2006, ule ukame ulioleta mgao wa umeme nchi nzima, majaluba yalivyopasuka nyufa na jirani akaja kukopa mtama wa luseni yetu. Baba hujibu kwamba ukame mmoja si hoja. Mimi huwa upande wa Bibi mpaka wali unapopakuliwa.