Chombo Kisicho na Usukani

Shangazi alipostaafu ualimu, binti yake anayeishi Uingereza alimlipia likizo Serengeti, na ndani yake asubuhi moja ya kupanda puto. Mimi nilitiwa msafarani kwa sababu shangazi alisema hapai angani bila mtu wa ukoo. Risiti alikuwa ameiona. Kwa hesabu yake, tiketi zetu mbili zilikuwa ng'ombe wawili na ndama juu, na hesabu hiyo niliisikia tangu geti la Ndabaka mpaka Seronera.

Tuliamshwa saa kumi alfajiri. Ilikuwa Juni, na baridi ya Seronera mwezi huo huwezi kumsimulia mtu wa Mwanza akakuamini. Shangazi alivaa sweta, akajitanda kanga mbili juu yake. Tulikuta puto limelazwa kwenye nyasi, feni kubwa zikilipulizia hewa, na kapu nalo limelala ubavu. Kumbe abiria huingia hivyohivyo: unalala chali, magoti juu, mikono imeshika kamba zilizofungwa ndani ya kapu.

"Nimefundisha watoto wa watu miaka yote hii nije kulazwa chali hadharani?" shangazi alisema akiwa tayari ameshalala.

Rubani akafungua gesi. Moto ulinguruma juu yetu, utosi ukapata joto huku vidole vya miguu vikiendelea kufa ganzi. Kapu likainuka taratibu, nasi tukajikuta tumesimama. Nilisubiri mtikisiko kama wa ndege, haukuja. Nilipochungulia, wale vijana waliokuwa wameshika kamba walikuwa wamebaki chini, wanapunga mikono.

Shangazi alizungusha macho kapu zima, kisha akamgeukia rubani. "Baba, usukani uko wapi?"

"Hakuna, mama."

"Hakuna?"

"Mimi napanda na kushuka tu. Upepo wa chini unaweza kwenda huku, wa juu ukaenda kule. Natafuta ule unaokwenda ninakotaka."

Akaeleza pia kwa nini tuliamshwa usiku ule: hewa iliyopashwa moto ni nyepesi kuliko ya baridi inayoizunguka, na jua likishachoma ardhi, upepo huanza kuchafuka. Maelezo mazuri. Shangazi aliyasikiliza yote, ila mkono wake haukuachia kamba.

Jua lilichomoza tukiwa juu ya mto Seronera. Rubani alitushusha mpaka karibu na vilele vya migunga, akazima moto, na hapo ndipo nilipoelewa ng'ombe wa shangazi walikwenda wapi. Viboko walikuwa wanarudi majini baada ya kulisha usiku kucha, na kutoka juu niliona kitu ambacho kwenye gari sikukiona: njia zao. Vijia vimechimbika kwenye ukingo, vyembamba, vingine vimekutana na kuwa kimoja kabla ya kuingia majini. Harufu yao ilitufikia pia, hiyo sitaipamba. Mbele zaidi nyumbu walikuwa katika misururu, na kivuli cha puto letu kilipita juu yao bila hata mmoja kuinua kichwa. Gesi ilipofunguliwa tena, wote wakatimua mbio.

Kutua ni kukaa chini, kuegemea nyuma na kuomba. Kapu liligonga ardhi, likaruka, likagonga tena, likaburuzwa kidogo, kisha likalala ubavu. Tukatoka kwa kutambaa.

Wenzetu walimiminiwa shampeni, shangazi akaomba juisi. Rubani akasimulia asili ya mambo haya: mwaka 1783, huko Versailles, puto la ndugu wa Montgolfier lilirushwa mbele ya mfalme Louis wa 16 likiwa na kondoo, bata na jogoo. Walitua wazima, na Novemba ya mwaka huohuo watu wawili wakapaa Paris.

"Kwa hiyo kondoo ndiye aliyejaribiwa," shangazi alisema. "Haya mnatuambia baada ya kutua."

Chai ilikuwa mezani, chini ya mgunga. Dereva wa gari lililotufuata alikuwa mtu mzima, vumbi mpaka kwenye nyusi. Shangazi akamuuliza alijuaje pa kutukuta. Akasema analifuata puto kwa macho na kwa redio, akipata njia anapita, asipopata anazunguka.

"Basi wewe ndiye rubani," shangazi akamwambia, akammiminia kikombe cha kwanza.