Vifusi vya ukuta wa bakteria

Kazi ya kwanza niliyokabidhiwa nilipoanza maabara hapa Arua ilikuwa kupaka rangi slaidi, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ukuta wa bakteria una faida moja tu, nayo ni kushika rangi au kuikataa. Kwa mbinu ambayo Hans Christian Gram aliieleza mwaka 1884, bakteria wenye tabaka nene la peptidoglaikani (wavu wa sukari na protini fupi unaojenga ukuta wao) hubaki na rangi ya zambarau, ilhali wenye tabaka jembamba lililofunikwa na utando wa nje huipoteza wanapooshwa kwa alkoholi, kisha huchukua rangi ya waridi, ambayo iliongezwa kwenye mbinu hiyo baadaye. (Ukimimina alkoholi kupita kiasi, wote watakuwa waridi. Niliwahi kupeleka jibu la namna hiyo, na msimamizi wangu akanirudishia slaidi bila kusema neno.)

Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mwili nao huusoma ukuta huohuo, tena bila hadubini. Ndani ya peptidoglaikani mna asidi ya muramiki, ambayo seli za binadamu haziitengenezi kabisa, kwa hiyo kipande chake kikionekana mwilini ni ushahidi kwamba bakteria yupo au alikuwepo. Seli zetu zina vipokezi viitwavyo NOD1 na NOD2, ambavyo kazi yake ni kuvitambua vipande hivyo. Mwili wenyewe huzalisha vipande hivyo pia: lisozaimu, kimeng'enya cha machozi na mate ambacho Alexander Fleming alikieleza mwaka 1922, huukata ukuta wa bakteria, na vifusi vinavyodondoka huwa taarifa kwa seli za kinga.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba bakteria aliyekufa haachi kusumbua. Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, aliyekuwa akichunguza vijidudu vya kipindupindu, aliona kwamba hata waliouawa kwa joto waliwadhuru wanyama wa maabara, akaiita sumu hiyo endotoksini. Leo tunajua kwamba ni lipopolisakaridi, molekuli ya mafuta na sukari iliyo kwenye utando wa nje wa bakteria wa waridi, na kwamba sehemu yake yenye ukali ni ile ya mafuta iitwayo lipidi A. Kipokezi chake, TLR4, kilibainishwa na kundi la Bruce Beutler mwaka 1998, kazi iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kiasi kidogo cha lipopolisakaridi huziamsha seli za kinga zitoe kemikali ambazo huuchochea ubongo kupandisha joto, na hiyo ndiyo homa. Kikiwa kingi katika damu, kemikali hizohizo hulegeza mishipa, shinikizo la damu hushuka na mgonjwa huweza kufariki, akiwa ameumizwa na ghadhabu ya kinga yake kuliko na bakteria wenyewe. Ndiyo sababu maji ya dripu hayatoshi kuchemshwa tu, kwa kuwa kuchemsha huua bakteria lakini hakuondoi endotoksini.

Usingizi wa mgonjwa nao una kisa chake. Mwaka 1982 watafiti wa Marekani, waliokuwa wakitafuta kemikali inayoleta usingizi, waliikamua kutoka katika maelfu ya lita za mkojo wa watu (namhurumia aliyebeba madumu hayo), na walipoichambua wakakuta asidi ya muramiki ndani yake. Kipande cha ukuta wa bakteria kilikuwa kikiwalaza sungura wao. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris walionyesha kwamba vipande vya aina hiyo, vinavyotoka kwa bakteria wa utumbo, huwafikia panya hadi kwenye ubongo, ambako baadhi ya neva zenye NOD2 huvipokea na kupunguza hamu ya kula. Panya si mtu, lakini tangu nisome habari hiyo, siwezi tena kusema kwamba kinga ni jambo moja na njaa ni jambo lingine.

Kwa sisi wa Uganda mfano ulio karibu zaidi ni BCG, chanjo ya kifua kikuu yenye bakteria hai waliodhoofishwa, ambayo watoto wetu huchomwa wanapozaliwa. Ukuta wa bakteria wa jamii ya kifua kikuu umejaa asidi za mikoliki, nta ambayo ikishapakwa rangi, asidi haiwezi kuiondoa, na chini yake kuna peptidoglaikani. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba BCG, kwa kupitia NOD2, huzifundisha monosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, kuwa tayari hata kwa vijidudu visivyohusiana na kifua kikuu. Kisha jaribio lililofanyika Entebbe kwa watoto wachanga 560, likachapishwa mwaka 2021, lililinganisha waliochanjwa siku ya kuzaliwa na waliosubiri wiki 6. Katika wiki hizo 6 waliochanjwa mapema waliugua maambukizi mengine kwa uchache zaidi, na tofauti hiyo haikuonekana tena baada ya wenzao kuchanjwa.

Wiki iliyopita mama mmoja kutoka upande wa Kongo alinisimamisha mlangoni. «Daktari,» akasema, maana kwake kila mwenye koti jeupe ni daktari, «sindano ya mtoto imefanya kidonda, inatoa maji.» Nilimweleza kwamba pale begani kinga ya mtoto ilikuwa imekutana na ukuta wa bakteria wa chanjo, kwamba asikikamue wala asikipake dawa, na kwamba kingekauka chenyewe na kubakiza kovu. Alikunja kanga, akamfunika mtoto bega, akaenda.