Sinki nililichagua kwa kuanzia bomba la ukutani

Kabla ya kuangalia sinki hata moja, nilipima mahali bomba la maji taka linapotokea ukutani. Wengi huanza dukani. Wanapenda bakuli lenye kina kirefu, wanalileta nyumbani, kisha fundi anagundua kwamba chini ya bakuli hapatoshi kufunga vifaa na maji hayana pa kwenda, wakati jiwe la kaunta limeshakatwa. Bomba la ukutani ndilo gumu kuhamisha kuliko vyote, kwa hiyo ndilo linalotoa masharti.

Nilipima kutoka uso wa juu wa kaunta kushuka, si kutoka sakafuni kupanda. Sakafu inaweza kuongezewa vigae baadaye na kipimo kikapotea, lakini sinki linaning'inia kwenye kaunta na haliachani nayo. Katikati ya bomba langu, lenye kipenyo cha milimita 40, palikuwa milimita 420 chini ya uso wa kaunta. Ndani ya nafasi hiyo vinapaswa kuenea vitu vitano: unene wa jiwe, kina cha bakuli, mwili wa chujio linalofungwa kwenye tundu la bakuli, mtego wa maji ambao mafundi huuita trapu (bomba lililopinda linalobakiza maji ya kuzuia harufu), na mteremko wa bomba la kulala, yaani linalotoka trapu hadi ukutani.

Jiwe langu lilikuwa milimita 30. Chujio, kutoka chini ya bakuli hadi mwisho wa shingo yake, 80. Trapu niliyonunua, kutoka nati ya juu hadi katikati ya tundu lake la kutokea, 70. Mteremko nilihesabu milimita 20 kwa kila mita, na bomba langu la kulala ni kama milimita 300, kwa hiyo 6. Jumla ni 186. Ukitoa kwenye 420 zinabaki 234, na hicho ndicho kina kikubwa kabisa cha bakuli ambacho ukuta wangu ungekubali. Bakuli la 250 lingezidi kwa milimita 16. La 230 lingeingia, ila nafasi ya kusahihisha ingebaki milimita 4, na jiwe likiwa nene kidogo kuliko lilivyoandikwa, nafasi hiyo imekwisha. Nilichukua la 200. Milimita 34 zilizobaki nilizijaza kwa kipande kifupi cha bomba kati ya chujio na trapu.

Milimita 16 zinaonekana kitu kidogo, na ndiyo maana watu huzipuuza. Trapu ikiwa chini ya bomba la ukutani, maji bado yatatoka, kwa sababu uzito wa maji yaliyo kwenye bakuli utayasukuma. Lakini bomba la kulala litabaki limejaa muda wote. Mafuta yatapoa humo na kuganda kwenye kuta zake, mabaki yatatulia chini, na baada ya miezi michache utakuwa unazibua kitu ambacho hakijaziba kwa matumizi mabaya. Kimeziba kwa kipimo.

Mahali pa tundu la kutolea maji ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Masinki ya bakuli moja huja kwa mitindo mitatu: tundu katikati, tundu nyuma katikati, na tundu kwenye kona ya nyuma. La katikati lina faida ya kweli, kwamba kila kona iko karibu nalo, hivyo bakuli huisha maji haraka. Hasara zake ni mbili. Sufuria pana ukiiweka kwenye bakuli, na katikati ndipo mkono unapoiweka wenyewe, inaziba tundu. Halafu chini, trapu inaning'inia katikati ya kabati, pale pale ambapo ungeweka ndoo ya taka.

Nilichora bakuli langu kwenye karatasi, milimita 650 kwa 400 kwa ndani, nikapima umbali ambao maji ya kona ya mbali zaidi yanasafiri hadi tundu. Tundu la katikati: kama milimita 380. Tundu la nyuma katikati, kiini chake kikiwa 100 kutoka ukuta wa nyuma wa bakuli: kama 440. Kona ya nyuma: karibu 630. Hapo uamuzi ukawa mwepesi. La nyuma katikati linaongeza milimita 60 tu za safari, na linakupa sehemu yote ya mbele ya bakuli kwa vyombo na sehemu yote ya mbele ya kabati kwa vitu vingine. La kona linaongeza 250, na kwa umbali huo mteremko mdogo wa sakafu ya bakuli hautoshi. Kosa dogo la usawa wakati wa kufunga linatosha kuacha dimbwi kwenye kona ya pili. Kona ningeichagua pale tu bomba la ukutani lingekuwa pembeni kabisa mwa kabati.

Bado tundu la nyuma lina sharti lake, nalo ni koki. Maji ya koki yakiangukia moja kwa moja kwenye chujio, yanapita bila kusukuma chochote, na mabaki ya mbele yanabaki yamelala. Tundu la koki, ambalo kwa kawaida ni milimita 35, nililiweka kiini chake milimita 50 nyuma ya ukingo wa bakuli, na nikatafuta koki ambayo shingo yake inafika 220. Maji yanaanguka milimita 170 ndani ya bakuli, yaani 70 mbele ya kiini cha tundu. Yanapiga sakafu kwanza, yanatawanyika, kisha yanarudi nyuma na uchafu.

Sakafu ya bakuli niliikagua kwa gololi. Weka sinki juu ya meza iliyothibitishwa kwa pima maji, ukingo wake umelala sawasawa, kisha achia gololi kwenye kila kona. Inapaswa kubingirika yenyewe hadi tundu. Ikisimama njiani, hapo ndipo maji yatasimama. Mistari iliyochongwa kama msalaba kwenye sakafu husaidia kuongoza maji, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya mteremko. Sinki la kwanza nililojaribu lilikuwa na mistari mizuri, na gololi ikasimama kwenye kona ya mbele kulia kila mara.

Bakuli mbili sikuzitaka. Kabati langu ni la milimita 800 kwa nje, mbao zake ni za 18, kwa hiyo ndani ni 764. Ukigawa nafasi hiyo mara mbili kwa kingo na ukuta wa kati, kila bakuli linabaki na kama 320, na trei pana hailali humo. Chini yake maungio yanakaribia kuwa maradufu, na kila ungio ni mahali pa kuvuja. Anayezihitaji akumbuke kwamba bakuli zote mbili huungwa kwanza kwa tii (kiungio chenye umbo la T), kisha trapu moja tu hufuata. Trapu mbili zikifuatana kwenye njia moja, hewa hunaswa katikati na maji hukokota.

Upana wa sinki lote, pamoja na ukingo wa milimita 25 kila upande, ulikuwa 700. Hivyo zilibaki 32 kila upande ndani ya kabati, na nafasi hiyo inahitajika: mkono na bisibisi lazima vifike kwenye vibanio vinavyoshika sinki.

Kuhusu chuma, nilitaka chuma cha pua cha daraja la 304, chenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli angalau 8. Daraja la 201 lina nikeli pungufu kuliko hiyo na huota madoa ya kutu mapema kwenye chumvi. Sumaku haitofautishi mawili haya, kwa kuwa yote mawili hayashikwi nayo vizuri, na hata 304 halisi huweza kuvuta kidogo kwenye kona zilizokunjwa. Sumaku ikishika kwa nguvu kwenye sakafu ya bakuli, jua ni daraja lingine kabisa. Unene nao usiupime kwenye ukingo wa juu. Kuna masinki yenye ukingo wa milimita 3 na kuta zisizofika milimita 1. Niliweka kalipa, kifaa cha kupimia unene, kwenye ukingo uliokatwa wa tundu dogo la kufurikia (la kutolea maji yanayozidi), pale chuma kinapoonekana kilivyo, nikapata 1.2. Kona za bakuli nilichagua za mviringo wa milimita 10 hivi. Kona kali kabisa hupendeza, lakini kitambaa hakiingii.

Sinki lilifungwa chini ya jiwe. Njia hii haifai kaunta ya mbao zilizoshindiliwa, kwa sababu ukingo uliokatwa hunywa maji na kuvimba. Hapo sinki la kukalia juu ya kaunta ndilo salama. Bakuli langu likijaa hubeba lita 52, yaani kilo 52 bila vyombo, kwa hiyo silikoni na vibanio peke yake sikuviamini. Niliweka fito mbili za mbao ndani ya kabati, zimefungwa kwa skrubu kwenye kuta zake, ukingo wa sinki ukazikalia. Jiwe na ukingo vilifutwa kwa spiriti, silikoni ikapigwa mstari mmoja usiokatika, na kwa saa 24 hakuna kilichoguswa.

Chujio ndipo uvujaji mwingi huanzia. Tundu la bakuli ni la milimita 90. Juu, chini ya mdomo wa chujio, nilizungusha silikoni. Chini ya bakuli mpangilio ni huu, na haubadilishwi: kwanza mpira mnene, kisha wosha ya karatasi ngumu, kisha nati kubwa. Karatasi ipo ili nati iteleze juu yake bila kuusokota mpira. Ukiiacha, mpira unajikunja upande mmoja na nafasi inabaki usiyoiona. Mtu wa pili alishika chujio kwa juu lisizunguke. Likizunguka baada ya silikoni kuanza kukauka, utando unakatika, na dawa ni kufungua na kuanza upya. Kaza kwa mkono hadi mwisho, halafu robo ya mzunguko kwa spana.

Mabomba ya chini nilikata kwa msumeno, mwisho ukiwa mraba, nikaondoa vinyweleo vya plastiki kwa kisu na msasa. Kinyweleo kimoja kinatosha kuishika nyuzi ya kitambaa na kujenga kizibo. Bomba la mikunjo linalopindika sikulitumia popote, maana kila mkunjo hushika mafuta. Mteremko niliuthibitisha kwa pima maji, na sikuuongeza. Ukizidi sana, maji hujaza bomba lote, yanakwenda kama kamba, na kuvuta nyuma yao maji ya trapu yanayozuia harufu. Kanuni inayotumika katika sheria nyingi za mabomba ni kwamba kutoka trapu hadi bomba la hewa (linaloingiza hewa kwenye njia ya maji taka), anguko lote lisizidi kipenyo cha bomba lenyewe. Kwa langu ni milimita 40.

Kujaribu kwa kufungulia koki tu hakutoshi. Niliweka karatasi kavu chini ya kila ungio, nikajaza bakuli hadi kwenye tundu la kufurikia, kisha nikaachia maji yote kwa mara moja, kwa sababu shinikizo hilo ndilo linaloonyesha udhaifu. Nilisikiliza pia mwisho wa maji. Mlio mfupi wa kunywa ni wa kawaida. Mlio mrefu wa kugugumia, na maji ya trapu yakapungua, ni dalili kwamba bomba halipati hewa.

Karatasi moja ililowana, ya nati inayoshika bomba la kulala kwenye trapu. Sikuikaza zaidi. Niliifungua, nikakuta wosha ya plastiki imeingia kinyume, upande wake wa mteremko ukiitazama nati badala ya kutazama ndani ya ungio. Niliigeuza, nikafunga kwa mkono, nikajaza bakuli tena na kuachia. Karatasi mpya ilitoka kavu.