Sekunde 21

Kompyuta zilikuwa 14, zote za Windows 7, na lalamiko lilikuwa moja: ukifungua folda ya pamoja iliyo kwenye seva, upau wa kijani unatambaa juu ya dirisha, orodha ya faili haitokei. "Fundi, nikibofya hapa napokea simu, naongea, nakata, bado inazunguka," mhasibu aliniambia. Ofisi ilikuwa imetoka kuhamia seva mpya, basi lawama zote zikaiangukia hiyo.

Nilianza na waya. Nilinakili faili ya MB 700 kutoka kwenye seva, ikafika kwa sekunde 7 hivi, yaani karibu MB 100 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya gigabiti. Jozi moja ya nyuzi ikikatika ndani ya kebo, kadi hushuka hadi megabiti 100, na hapo hupati zaidi ya MB 11 au 12. Jibu nilikuwa nalo mkononi, lakini bado nilibadilisha kebo mbili na tundu la swichi, asubuhi nzima ikaenda bure. Mtandao unaonakili haraka huku folda zikifunguka kwa kusuasua haujazidiwa na mzigo. Kuna kitu unakingoja.

Nilizima antivairasi kwa muda, kisha vijipicha vya faili. Wapi! Ndipo nikachukua saa. Folda kuu: sekunde 21. Nikafunga na kufungua tena: 21. Folda ndogo zilizomo ndani yake zilifunguka papo hapo. Ucheleweshaji wa mzigo hupanda na kushuka. Huu uliorudi na namba ileile ulikuwa wa programu iliyowekewa muda wa kusubiri.

Nikawasha Wireshark, programu ya kutazama pakiti zinazopita mtandaoni, na kuchuja mlango 445, unaotumiwa na SMB, itifaki ya Windows ya kushirikiana faili. Mazungumzo na seva mpya yalikwisha kwa milisekunde chache. Katikati yake, kompyuta ilikuwa ikiibishia hodi seva ya zamani, iliyokwisha kuzimwa: pakiti ya SYN, ile ya kuomba kuunganishwa, kwenye sekunde 0, nyingine kwenye 3, nyingine kwenye 9, kisha kimya hadi 21. Windows 7 husubiri sekunde 3, halafu 6, halafu 12, ndipo ikate tamaa. Jina la seva ile lilikuwa bado kwenye DNS, daftari la mtandao linalogeuza majina kuwa anwani, na anwani yake ilikuwa upande wa pili wa ruta, ambayo ilizitupa pakiti bila kurudisha jibu lolote.

Nani aliyekuwa akiiita? Amri ya net use, inayoorodhesha diski za mtandao, ilionyesha diski H: ikielekea huko kwenye kompyuta tatu, nikaifuta kwa net use H: /delete. Sekunde 21 zikabaki palepale. Nikageukia njia za mkato, zile faili za .lnk, zilizokuwa tisa ndani ya folda kuu. Nilizihamisha nusu kwa nusu hadi ikabaki moja. Ukiibofya ilifungua seva mpya vizuri kabisa, na ndiyo maana hakuna aliyeishuku. Aliyeirekebisha alibadilisha inakoelekea, akasahau picha yake: ikoni ilikuwa bado inachukuliwa kwenye seva ya zamani. Explorer, programu ya Windows inayoonyesha folda, haichori orodha bila kutafuta ikoni, na kwa kuwa faili ilikaa kwenye folda ya pamoja, kompyuta zote 14 zilipata adhabu ileile.

Niliipa ikoni kutoka shell32.dll, faili ya Windows yenye ikoni, ya kompyuta yenyewe, nikafuta jina la zamani kwenye DNS, kisha ipconfig /flushdns kila mahali ili kompyuta zisahau anwani ya zamani. Kufuta jina peke yake kusingetosha: Windows ingelitafuta kwa kulitangaza mtandaoni kwa NetBIOS, njia ya zamani ya kutafuta majina ya kompyuta, mara tatu, kila mara milisekunde 750, na hizo ni sekunde mbili na ushei kila ufunguapo. Kuliacha jina liwe lakabu ya seva mpya pia kunawezekana, ila Windows Server ya wakati ule ilikataa kuitwa kwa jina lisilo lake mpaka uweke DisableStrictNameChecking kuwa 1 kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows.

Kumi na tatu zikapona. Ya mhasibu ikagoma, kila akifungua dirisha la Computer. Kwenye %AppData%\Microsoft\Windows\Network Shortcuts kulikuwa na njia moja ya seva ya zamani, aliyojitengenezea mwenyewe. Nikaifuta, nikampisha kiti. Alibofya, akanyoosha mkono kuchukua simu, na orodha ilikuwa imeshatokea.