Sukuma zilizozeeka
Hapa kwetu Umoja, sukuma wiki zangu za kwenye magunia zilinishinda kula, zikatoa maua ya manjano. Mama wa chini akaniambia nizing'oe, zimezeeka. Nikazembea tu. Wiki hiyo nyuki wakajaa kuanzia saa tatu asubuhi, miguu imeganda chavua kama unga wa ugali. Halafu likaja lile dude jeusi linalotoboa mbao, yaani nyuki seremala, likaenda moja kwa moja kwenye pasheni ya jirani. Kumbe ndilo linaloichavusha. Nyuki wa asali ni mdogo mno kwa ua lile! Na sisi huliua kwa ndala. Nimemwomba msimamizi wa ploti apulize dawa jioni, nyuki wakisharudi mzingani. Amecheka, lakini amekubali. Bakuli la maji ya nyuki kunywa nimelitia vijiwe, wasizame.