Chukua biskuti, mzee

Brooklyn Park, Ijumaa 1 Machi 2024

Nimetoka zamu asubuhi, nimeoga, nimejaribu kulala, usingizi haupo. Yule mzee wa Jumanne hataki kunitoka kichwani.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo: Zawadi amepata barua ya chuo, Baba Zawadi amepita mtihani wa lori, theluji tumeisubiri msimu mzima na wapi. Hayo nitayaandika siku nyingine. Leo ni mzee na biskuti zake.

Mnaokuja hapa mara kwa mara mnajua nilivyoihangaikia kokasi ya DFL, yaani ule mkutano wa Jumanne wa wanachama wa mtaani wa chama changu, Democrats wa hapa Minnesota. Sheria ya Minnesota inampa mfanyakazi haki ya kutoka kazini siku hiyo, bora aandike barua siku kumi kabla. Bila malipo, lakini ruhusa ni ruhusa. Msimamizi wangu aliigeuza ile barua nyuma na mbele, akaniuliza kama ni mambo ya kanisa.

Azimio la kupeleka huko nililiandika hapa hapa jikoni. Chama kisukume kwa nguvu Mpango wa Afya wa Minnesota, ule mswada ambao Seneta John Marty wa Roseville ameubeba miaka nenda miaka rudi. Kila mkazi wa jimbo anaingia, mfuko mmoja unalipa hospitali na madaktari badala ya msururu wa makampuni ya bima, na kila mtu anachangia kadiri ya uwezo wake. Matibabu, dawa, macho, afya ya akili, meno. Hapo kwenye meno nilipiga mstari kwa kalamu nyekundu, kwa ajili ya mwenzangu wa zamu ambaye anatafuna upande mmoja tangu Krismasi. Bima anayo, anakatwa kila mshahara. Ila meno ni bima nyingine, na hiyo nyingine hana.

Basi, saa moja jioni tuko kwenye kantini ya shule, kila mtaa na meza yake, tumekalia vile viti vya watoto magoti yakigusa kidevu. Nikasoma. Sauti ilitetemeka mwanzoni, ikakaa sawa nilipofika kwenye meno. Mikono ikanyanyuka karibu yote, na wa yule mzee pia. Niliuona, maana koti lake la kijani lilikuwa na kiraka cha gundi kwenye kiwiko. Azimio likapita. Nilifurahi, sitadanganya.

Wakati tunapanga viti akanijia. Mzee wa makamo ya baba yangu, mwanachama tangu zamani, mtu wa heshima.

"Azimio zuri," akasema. "Nimeliunga mkono."

"Asante sana."

"Mimi huliunga mkono kila linapokuja. Halinigharimu kitu. Huwa halifiki popote."

Akatabasamu. Si tabasamu la dharau, na hapo ndipo pananisumbua; alitabasamu vizuri kabisa, kama mtu anayekupa pole. Akafunga zipu. Kisha akatazama sahani mezani: "Hizi biskuti kuna anayezitaka?"

Na mimi, malezi ya Voi, mgeni akiuliza chakula unasemaje? Nikamwambia, "Chukua, mzee, chukua."

Akazifunga kwenye leso ya karatasi, akaenda.

Tangu hapo ninamjibu. Ninamjibu kazini nikimgeuza bibi wa chumba cha saba, ninamjibu kwenye foleni ya mafuta. Mara namwambia, kama hujali si ungeacha mkono chini? Mara nakuwa mpole, namuuliza ameona nini miaka yote hiyo. Jana usiku nilimpa hotuba nzima kuhusu insulini: Alec Smith, kijana wa hapa hapa Minnesota, alifariki 2017 akiwa na miaka 26, muda mfupi baada ya kutoka kwenye bima ya mama yake, akijipimia dawa kidogo kidogo kwa sababu ya bei. Mama yake hakunyamaza, na 2020 sheria ya insulini ya dharura ikatiwa saini kwa jina la mwanawe. Ile nayo si ingeambiwa haitafika popote? Hotuba nzuri sana. Aliyeisikia ni mashine ya kufulia.

Nikamsimulia Baba Zawadi. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mama Zawadi, mzee amekupa ukweli bure, ulitaka akutoze?"

Nilinuna. Halafu usiku nikaanza kuhesabu, na hesabu ilikuwa upande wa mzee. Ilani ya chama inataka mfuko mmoja wa afya kwa wote, na haikuanza jana. Mwaka huu wa 2024 chama chetu kina gavana, kina Baraza la Wawakilishi, kina Seneti ya jimbo, japo Seneti ni kwa kiti kimoja, 34 kwa 33. Mswada uko pale pale. Vermont walifika mbali kutuzidi, sheria ilipita 2011, na Desemba 2014 Gavana Shumlin, yule yule aliyeipigania, akaiweka kando alipoona ukubwa wa kodi. Colorado waliwapelekea wananchi kura ya mpango wa namna hii mwaka 2016, karibu wanne katika kila watano wakakataa. Kumbe kunyanyua mkono kwenye kantini ni kazi nyepesi. Mkono unakuwa mzito ukifika St. Paul, kwenye bunge la jimbo, ambako kila mwenye kampuni ana mtu wake kwenye korido.

Kwa hiyo sikumkasirikia tena. Nilichokikumbuka baadaye ndicho kimenichekesha peke yangu alfajiri: kabla ya biskuti, ilipofika zamu ya kuchagua wajumbe wa mkutano wa wilaya ya seneti, ule wa ngazi ya juu baada ya kokasi, nafasi zilikuwa nyingi kuliko watu, kila anayetaka anaandikwa. Nusu ya meza walitazama viatu vyao. Mzee wa koti la kijani alinyosha mkono wa kwanza. Jumamosi nzima, kukaa kwenye ukumbi, kupigia kura maazimio ambayo anasema hayafiki popote! Sasa huyo ni mtu wa namna gani? Na mimi nimeandikwa. Tutakaa pamoja siku nzima, labda nimletee mahamri nione atasema nini.

Mwenzangu wa meno naye ameniuliza kama mtu yeyote anaweza kuandika azimio. Nimemwambia ndiyo, hata kwa kalamu nyekundu.

Ngoja nilale sasa. Ila Mama alipiga jana kutoka nyumbani, ndovu wameingia tena shamba la jirani, wamevunja ua mpaka kwenye tangi la maji. Yeye analala peke yake, na mlango wa jikoni bado unafungwa kwa kamba. Fundi nilimtumia pesa tangu Januari. Tangu jana fundi huyo hashiki simu.