Nilivyopimwa Hatari ya Kuvunjika Mifupa Baada ya Kuambiwa Sina Tatizo

Kipimo cha uzito (msongamano) wa mifupa yangu kilipotoka na alama ya T, inayolinganisha mifupa yako na ya kijana mwenye afya, ya -1.9, niliambiwa kwamba sina osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kudhoofika na kuvunjika kirahisi, na kwamba maziwa yatatosha. Ushauri huo unanikera hadi leo. Alama ya -2.5 kwenda chini ndiyo inayoupa ugonjwa huo jina, lakini wengi wanaovunjika mifupa hawajafika huko. Mimi nimekoma hedhi, nina baridi yabisi, nimemeza prednisoloni, dawa ya steroidi inayoweza kudhoofisha mifupa, kwa miaka, na mama yangu mzazi alivunjika nyonga. Hakuna aliyeniuliza hata moja kati ya hayo.

Daktari mwingine ndiye aliyeyauliza yote, akayaingiza katika FRAX, kikokotoo kilichotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Sheffield, ambacho humkadiria mtu wa miaka 40 hadi 90 uwezekano wa kuvunjika katika miaka 10 ijayo. Hutumika hata kama hujapimwa uzito wa mifupa. Kwa prednisoloni kinataka jibu la ndiyo au hapana tu, bila kujali kiasi, kwa hiyo anayemeza dozi kubwa amweleze daktari wake waziwazi.

Kulikuwa na swali la kama nimewahi kuvunjika, na kwa nilivyojua jibu lilikuwa hapana. Hapo nikakumbuka kwamba pasipoti yangu ya zamani iliandikwa urefu wa sentimita 164. Niliomba nipimwe upya, bila viatu, visigino na mgongo vikigusa ukuta, na kimo kikasoma 159. Sentimita 5 hazipotei bure: pingili za uti wa mgongo huweza kubonyea polepole bila maumivu makali, mtu akadhani ni uchovu wa mgongo au uzee. Nilisisitiza nipigwe eksirei ya ubavuni, na pingili moja ilionekana wazi imebonyea upande wa mbele. Nilifurahi mno kwamba nilishikilia hoja yangu, maana pingili iliyovunjika bila ajali hubadilisha uamuzi wote, hata alama ya T ikionekana nzuri.

Hesabu ilirudiwa kwa jibu la ndiyo, hatari ikapanda, nami nikaanzishiwa dawa ya mifupa huku prednisoloni ikipunguzwa taratibu. Gharama ya eksirei ilikuwa ndogo kuliko ya kipimo cha kwanza. Mwenye pasipoti au kadi ya zamani yenye kimo chake aende nayo kliniki.